Fundi Asiye na Tajiri

Niliposhuka katika stesheni ya Mpanda mwaka 1999 nilikuwa na sanduku la bati ambalo mpagazi aliyenipokea alidhani lina vyombo vya kinyozi. Ndani mlikuwa na bisibisi saba, burashi ya kupakia rangi ambayo haijawahi kugusa rangi, mita ya kupimia umeme, na disketi arobaini zilizofungwa kwa kitambaa ili vumbi la njiani lisizifikie. Treni ilikuwa imetoka Tabora, ikachepuka Kaliua na kuufuata ule mkono wa reli wenye kilomita zipatazo 210, uliojengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya risasi ya Mpanda. Nasema risasi ya madini, si ya bunduki. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki na abiria, mahindi na magunia ya karanga. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012.

Nilikuja kufanya kazi ambayo haikuwa na jina. Nilikuwa nimefundishwa Dar es Salaam na tajiri mmoja aliyeanza kwa kutengeneza tapureta, kisha mashine za kunakili, na mwisho kompyuta. Siku nilipomuaga aliniuliza huko niendako tajiri wangu atakuwa nani. Nikamjibu kwamba sina. Alinitazama kama mtu aliyesikia habari ya msiba, akanipa ile mita ya umeme.

Watu wengi hudhani kazi ya mtu kuwashauri na kuwatengenezea wenzake kompyuta, pasipo kuajiriwa na yeyote, ni ya kale huko Ulaya na Marekani, na kwamba sisi tulichelewa tu kuipata. Si ya kale hivyo. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, John Sheldon na Elmer Kubie, ambao wote walipata kufanya kazi IBM, walifungua kampuni mjini New York iliyoitwa Computer Usage Company. Walichouza ni ujuzi mtupu. Walianza bila hata kuwa na kompyuta yao wenyewe. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo aliyechukua mashine ya IBM alipewa pia programu na wataalamu ndani ya bei ile ile, kana kwamba ujuzi ni kamba ya kufungia mzigo, haiuzwi peke yake. Ilikuwa Juni 1969 IBM ilipotangaza kwamba itatenganisha bei hizo. Tangu hapo mtu wa pembeni akapata nafasi ya kusema: mimi sina mashine ya kukuuzia, nina ninachokijua, na bei yake ni hii.

Kwetu historia ilikwenda kwa njia nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likafanyika jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine mpya zaidi ya ICL, na jaribio hilo likashindwa. Fedha ziliteketea, hesabu zikavurugika, na waliojua undani wa mashine wengi wao walikuwa wageni wenye mikataba. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, ila kwa kibali maalumu. Mwaka huo huo Katavi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kwa hiyo naweza kusema viboko wetu walikaribishwa serikalini mwaka ule ule kompyuta zilipofukuzwa.

Vijana husikia habari ya marufuku ile wakacheka. Mimi sicheki. Nimekaa mbele ya mashine zilizokufa kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninajua kwamba kilichoshindikana Hazina hakikuwa chuma. Kilikosekana kitu kimoja: mwenyeji ambaye asubuhi, mashine ikigoma, angeweza kuitwa kwa jina, akaja, akaifungua, na jioni akaulizwa maswali na watu anaoishi nao. Nchi iliyokosa mtu huyo ilikuwa na haki ya kuogopa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba kwa kuzuia mashine mtu huyo angepatikana. Vizuizi vililegea katika miaka ya 1980, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa vimekwisha nguvu. Kompyuta zikaingia kwa mafuriko, nyingi zikiwa za misaada, zimetumika kwingine, zinakuja bila vitabu vyake.

Baadhi yao zilifika Mpanda. Nilizikuta katika ofisi za misheni, za miradi, za vyama vya ushirika, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za zamani. Nyingine zilikuwa hazijawashwa tangu aliyezileta aondoke. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta za dizeli, kwa maana kwa miaka mingi gridi ya taifa haikutufikia, na ulikuja kwa saa zake. Ulipokuja haukuja sawasawa: jioni watu wakiwasha taa ulishuka, usiku wa manane ukapanda. Mashine nyingi nilizoitiwa hazikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa huo. Nikawa nauza stabilaiza kabla ya kuuza maarifa. Kiangazi kilileta vumbi jekundu, masika yakaleta sisimizi. Mara mbili nimetoa mjusi aliyekauka ndani ya pawa saplai, na mara zote mbili mwenye ofisi alitaka kujua kama ni mambo ya kishirikina.

Shida kubwa zaidi ilikuwa malipo. Mtu wa Mpanda, kama mtu wa popote, hulipa kwa moyo mweupe anapoona kitu kimeondolewa na kingine kimewekwa. Fundi wa baiskeli humwonyesha mteja gololi zilizokwisha. Mimi nilikuwa nakaa, nabonyeza vitufe kwa robo saa, mashine inafufuka, nikitaja shilingi elfu kumi naulizwa, "Za nini fundi? Si umebonyeza tu?" Ilinichukua miaka miwili kujifunza kuja na burashi hata pale isipohitajika, nikaifungua mashine, nikaipiga vumbi mbele ya macho ya watu. Sioni haya kulisema hilo. Walilipia vumbi, nami nikawapa ujuzi bure. Ndivyo IBM nayo ilivyofanya hadi mwaka 1969. Waliokosa fedha walileta mchele wa Mpimbwe au dumu la asali ya Inyonga, na ipo miaka ambayo nyumba yangu ilikula vizuri zaidi ya daftari langu la mapato lilivyoonyesha.

Lakini nilikusudia kusimulia habari ya mwaka 2003, na naona ninaizungukazunguka.

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku, ambacho sitakitaja, kilikuwa na kompyuta moja. Ndani yake mlikuwa na hesabu za wanachama wote: mitumba ya tumbaku iliyouzwa, uzito wake, daraja lake, na mkopo wa mbolea uliotakiwa kukatwa kabla mkulima hajalipwa. Niliitwa kwa sababu mashine ilikuwa nzito na ilijizima yenyewe. Nikaona virusi, nikaona faili zimeharibika, nikaamua kuifuta diski yote na kuanza upya. Kabla ya kufuta nilinakili hesabu katika disketi nne. Kisha nikafuta. Niliporudisha, disketi ya tatu haikusomeka. Nikaipangusa, nikajaribu katika mashine nyingine, nikaipeleka kwa misheni wakajaribu na wao. Haikusomeka. Hesabu zilikuwa zimefungwa kama faili moja kubwa lililokatwa vipande vinne, na kipande kimoja kikikosekana vingine vitatu ni takataka.

Sikuipima disketi kabla ya kufuta. Kuipima kungechukua dakika tatu. Ilikuwa majira ya malipo, na wakulima wengine walishafika mjini wakilala kwa ndugu, wakingoja.

Nilifikiria treni. Naliandika hili kwa sababu nataka liwe kweli: nilikwenda hadi stesheni jioni ile, nikasoma ratiba. Nadhani kilichonirudisha ni sanduku langu kubaki ofisini kwao, zaidi kuliko ujasiri.

Asubuhi nikamweleza karani mkuu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, ambaye vijana wa ofisi walimcheka kwa kuogopa kipanya. Nikamwambia yote, na disketi nikamwekea mezani. Alikaa kimya. Kisha akanyanyuka, akafungua kabati la chuma, akatoa leja tatu zenye majalada ya kijani.

"Mwanangu," akaniambia, "walinikataza kuandika hizi. Walisema napoteza karatasi. Nimekuwa nikiziandika nyumbani usiku."

Hazikuwa kamili. Wiki tano za mwisho hazikuwamo, kwa kuwa alikuwa ameumwa macho. Hizo tulizitafuta katika nakala za kaboni za stakabadhi, nyingine zimefifia hata tukawa tunazishika juani ubavu ili kuona alama ya kalamu. Tulifanya kazi siku kumi na tisa, yeye akisoma, mimi nikipiga kibodi. Palipokuwa na shaka tulimwita mkulima mwenyewe tukamuuliza uzito wake. Nilitarajia uongo mwingi. Tulipowalinganisha na mizani ya mnunuzi, wote isipokuwa wawili walikuwa wamesema kweli, na mmoja wa wale wawili alikuwa amejipunja. Malipo yalichelewa karibu mwezi mzima. Kuna mtu alishindwa kumpeleka mtoto shuleni kwa wakati kwa sababu ya dakika zangu tatu, na baba yake tunasalimiana sokoni hadi leo.

Chama hakikunilipa, wala sikudai. Mwaka uliofuata walinirudia. Nilimuuliza mzee kwa nini, naye akasema mafundi wengine anaowajua hajawahi kuwaona asubuhi ya pili.

Yaliyofuata baada ya hapo yalikwenda haraka. Simu za mkononi zilitukuta, disketi zikaondoka, virusi vikahamia kwenye flashi. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na polepole intaneti ikaacha kuwa kitu cha kusimuliwa. Mwaka 2010 zikaja mashine za stakabadhi za kodi, na kila mwenye duka akamtafuta fundi. Mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012 ofisi mpya ziliota kama uyoga, na kwa miaka michache nilikuwa na vijana watatu chini yangu. Nikaitwa tajiri. Sikulizoea jina hilo.

Mwaka huo huo ilianza Wakala ya Serikali Mtandao, na mifumo ya Serikali ikazidi kutunzwa kutoka mbali. Ni jambo jema. Hesabu za halmashauri hazitegemei tena disketi ya mtu kama mimi. Ila kazi yangu imepungua na kugeuka. Siku hizi nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo na ya vyuo, nafunga kamera za ulinzi na paneli za sola, natengeneza simu. Vijana wangu watatu wamekwenda zao, mmoja ana duka kunishinda. Mita ya umeme bado ninayo.

Mzee karani alifariki miaka kadhaa iliyopita. Juzi mjukuu wake wa kike alikuja dukani na simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Anasema ndani yake mna picha za babu, na kwamba hazipo popote pengine. Nimeifungua, nimeikausha, nimeweka betri pembeni. Sikumwahidi kitu. Nimemwambia arudi Alhamisi, na kwamba hata isipopona atanikuta.