Kwa nini wakaguzi wa draiva huuliza maswali mengi: nyaya mbili na ThinkPad zilizokufa

Leo nataka tuongee historia kidogo, na wa kulaumiwa ni kijana mmoja wa hapa Kerugoya. Anatengeneza kifaa cha kupima kina cha maji kwenye mashamba ya mpunga kule Mwea. Chipu ya sensa aliyonunua haikuwa na draiva kwenye Linux, akaiandika mwenyewe, akaituma kwa wasimamizi wa kerneli. Siku mbili baadaye akapata jibu refu, karibu kila mstari wake umewekewa swali. Akaniambia, "Mzee, hawa watu hawanitaki."

Nililisoma lile jibu mara mbili. Hakuna tusi hata moja ndani yake. Kilichomuudhi zaidi ni swali la kwanza: draiva yako inajuaje kwamba chipu iliyojibu ndiyo hiyo unayoitafuta? Yeye aliona dharau. Mimi niliona historia ya miaka ishirini na zaidi nyuma ya swali hilo.

Tuanze na basi. Si lile la kwenda Sagana! Kwenye kompyuta, basi ni nyaya ambazo chipu nyingi huzitumia kwa pamoja kuzungumza. Sensa ya kijana wetu inatumia I2C, basi lililobuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982 ili chipu za ndani ya televisheni ziweze kuelewana bila rundo la nyaya. Nyaya ni mbili tu, mmoja wa data na mwingine wa mapigo ya saa. Kila chipu ina anwani ya biti 7, kwa hiyo anwani ni 128, na ukiondoa 16 zilizotengwa kwa kazi maalumu zinabaki 112. Mwenye kuongoza mazungumzo anaita anwani, na chipu yenye anwani hiyo inauvuta waya wa data chini kwa muda mfupi. Maana yake: nipo.

Basi, imekwisha hapo. Kwenye PCI au USB kifaa hujitambulisha kwa namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake. I2C haina utaratibu huo. Ni kama kusimama katikati ya soko la Kerugoya ukaita "Wanjiku!" Mtu atageuka, lakini huna hakika ni Wanjiku yupi. Watengenezaji wengine huweka namba ya utambulisho ndani ya chipu, na draiva inapaswa kuisoma kabla ya kugusa kitu kingine. Wengine hawaweki kabisa.

Kwenye televisheni hili halikuwa tatizo, kwa sababu aliyeiunda alijua kila chipu iliyomo. Shida ilianza basi hili lilipohamia kwenye kompyuta. Mwaka 1995 Intel ilileta SMBus, ndugu wa I2C, na bodi za kompyuta zikaanza kuwa na sensa za joto na za kasi ya feni. Watu wa Linux walitaka kuzisoma. Simon Vogl alikuwa ameanza kuandika msimbo wa I2C miaka ya tisini, kisha Frodo Looijaard na wenzake wakaanzisha mradi wa lm_sensors. Hakuna aliyewapa ramani za bodi. Njia iliyobaki ilikuwa kubisha kila mlango na kusikiliza nani anaitika.

Njia mojawapo ya kubisha ilikuwa kutuma anwani yenye alama ya "nataka kuandika", halafu kukata mazungumzo bila kuandika chochote. Kwa chipu nyingi hilo halina madhara. Lakini kompyuta nyingi za IBM ThinkPad za wakati ule zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya Atmel, AT24RF08, na chipu hiyo haikustahimili kubishwa hivyo. Data iliyomo iliharibika. Mtu alikuwa anataka tu kujua joto la prosesa yake, akaizima kompyuta, na kuiwasha tena ikakataa. Hapo kuweka upya programu hakusaidii kitu, kwa sababu kilichoharibika ni kumbukumbu iliyo kwenye bodi yenyewe. Mashine ilibidi irudishwe kutengenezwa.

Kovu la tukio hilo bado linaonekana. Fungua draiva ya i2c-piix4 ndani ya kerneli utakuta inaangalia kama mashine ni ya IBM, na ikiwa ndiyo, inakataa kupakiwa na kutoa onyo kuhusu kumbukumbu. Mwongozo wa i2cdetect nao unaitaja chipu hiyo kwa jina. Mwaka 2007 David Brownell aliingiza mtindo mpya wa draiva za I2C: badala ya kubahatisha, mfumo unaambiwa mapema chipu gani ipo kwenye anwani gani. Kwenye bodi ndogo za ARM, kama ile ya kijana wetu, taarifa hiyo siku hizi huandikwa kwenye faili ya maelezo ya vifaa. Ndiyo maana mkaguzi alimdai pia ukurasa wa kueleza sensa yake. Si urasimu.

Swali la pili nalipenda kuliko yote. Alikuwa anasoma sensa na kuweka jibu kwenye namba ya biti 8 isiyo na alama ya kutoa. Kazi ya kerneli inayosoma baiti kutoka kwenye chipu hurudisha namba hasi mambo yakiharibika. Tuseme waya umelegea na chipu haijaitika: kosa la "hakuna kifaa" ni hasi 6. Ukilisukuma ndani ya biti 8 linakuwa 250. Hakuna onyo lolote. Mkulima anasoma milimita 250 za maji huku shamba limekauka. Mkaguzi aliyeliona hilo hajawahi kufika Mwea, na pengine hajui iko wapi.

Kuhusu nafasi na tabo sina la kusema. Endesha checkpatch, maliza.

Utaratibu wa kukaguana haukuanzia Linux. Michael Fagan wa IBM alichapisha makala yake ya ukaguzi wa msimbo mwaka 1976, na wakati huo watu walikaa mezani na karatasi zilizochapwa. Lakini pia ukaguzi haukamati kila kitu, tusidanganyane. Mwaka 2008 matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yaliharibu kumbukumbu za kadi za mtandao za Intel. Kila mtu alinyoosha kidole kwa draiva ya e1000e. Baadaye ikabainika mkosaji ni ftrace, chombo cha kufuatilia kerneli, kilichoandika mahali palipokuwa na msimbo zamani lakini sasa pamekuwa mlango wa kuingilia kadi. Kabla ya hapo draiva ilibeba lawama isiyo yake.

Nilimwambia kijana ajibu kila swali chini ya swali lenyewe, hata kama jibu ni "sawa, nitabadilisha". Pale asipokubali, ataje ukurasa wa maelezo ya chipu, asitaje uzoefu wake. Toleo la pili aliite v2 na aandike kilichobadilika chini ya vile vistari vitatu, ili kisiingie kwenye historia ya kudumu. Na mstari wa Signed-off-by asiusahau. Huo ulianza mwaka 2004 baada ya kampuni ya SCO kupeleka kesi mahakamani kuhusu nani aliandika nini.

Lugha nayo imebadilika. Kuna miaka ambayo majibu yalikuwa matusi matupu, na Linus Torvalds mwenyewe aliomba radhi mwaka 2018, akapumzika kidogo, na kanuni za maadili zikapitishwa. Kupitia Outreachy, ambayo kerneli ilijiunga nayo mwaka 2013, Wakenya kadhaa wamekwisha pita mlango huo na majina yao yamo ndani ya kerneli.

Brownell alifariki mwaka 2011. Mfumo wa SPI wa Linux nao ni kazi ya mikono yake, lakini huo una nyaya nne na nitauandikia siku yake.