Kigae cha Mfalme na Mkono Uliokichora

Ng'ambo ya mto Turia, mkabala wa mji wa Valencia katika Uhispania, palikuwapo kasri iliyoitwa Palau del Real, ambayo asili yake ilikuwa bustani ya watawala wa Kiislamu wa karne ya 11, kisha ikatwaliwa na Mfalme Jaume wa Kwanza alipouteka mji mwaka 1238, ikapanuliwa na waliomrithi hata ikawa fahari ya dola ya Aragon. Na mwaka 1810, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakikaribia, walinzi wa mji wenyewe wakaibomoa, wakichelea adui asije akaifanya ngome. Kasri ikatoweka, lakini vigae vya sakafu za zama za wafalme hao havikupotea vyote, na vingi vimehifadhiwa katika makumbusho ya ufinyanzi ya González Martí, mjini humo humo.

Kigae cha Mfalme Alfonso wa Tano wa Aragon, aliyetawala tangu 1416 hata 1458, ni cha mraba, hakitimii shubiri, na aghalabu kimechorwa kwa rangi moja tu ya buluu juu ya weupe. Ngao ya Aragon, kama ijulikanavyo, ni milia minne myekundu juu ya dhahabu. Lakini wekundu ni rangi iliyowashinda wafinyanzi wengi wa kale, kwa kuwa moto wa tanuri huiharibu, basi milia ikawa ya buluu na dhahabu ikawa nyeupe, wala hakuna aliyeshindwa kuitambua. Vingine vina kitabu kilichofunguliwa, au kiti kiwakacho moto kilichotajwa katika hekaya za Mfalme Arthur, ambavyo Alfonso alivichagua viwe alama zake mwenyewe. Kitazame kwa karibu utaona mahali brashi ilipotua ikiwa imejaa rangi na mahali ilipoanza kukauka, maana fundi huchora juu ya unga mkavu wa risasi na bati, unaoifyonza rangi papo hapo, na mstari ukishapigwa haufutiki.

Basi ni nani aliyeupiga? Hapo ndipo historia ya kigae inapostahili kuanzia, ingawa wengi huanzia na kuishia kwenye ngao. Vigae hivi vilitoka Manises, wakati huo kijiji karibu na Valencia, kilichokuwa mikononi mwa mabwana wa ukoo wa Boïl tangu mwaka 1304, na mafundi wake wengi walikuwa Waislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kikristo, wenye elimu iliyotoka Málaga, na kabla ya Málaga, Iraki. Huko Basra, katika karne ya 9, wafinyanzi walioihusudu kaure ya Kichina waligundua kwamba bati likichanganywa na risasi hutoa weupe unaoufunika udongo wote, wakachora juu yake kwa buluu. Vyombo vyao vyeupe vilifika hata kwetu pwani ya Afrika Mashariki, na vipande vyake vimefukuliwa katika magofu ya Manda na Shanga, visiwani Lamu. Kwa hiyo bakuli la mwungwana wa Lamu ya kale na sakafu ya mfalme wa Aragon ni watoto wa sanaa moja.

Alfonso alipoutwaa mji wa Napoli mwaka 1442, aliagiza vigae vya Manises vivushwe bahari vikatandikwe katika ngome yake ya Castel Nuovo, ilhali Italia haikupungukiwa na wafinyanzi. Lakini heshima hiyo haikuwafaa kitu wajukuu wa mafundi wale. Katika miaka ya 1520 Waislamu wa Valencia walibatizwa kwa nguvu, na mwaka 1609 uzao wao ulifukuzwa nchini, ukapakiwa majahazini na kupelekwa Afrika ya Kaskazini, ukiziacha nyuma nyumba na matanuri. Leo kibao kilicho chini ya kigae hutaja jina la mfalme kwanza, nami naona ni haki watajwe pamoja naye, kwa herufi za ukubwa ule ule, Waislamu wa Manises.