Usiwashe Jiko na Gazeti la Kukhu! Komiki za Zamani za Kusaka

Msee, kama mko na boma Likuyani, iwe Matunda ama Kongoni, angalia ile sanduku ya bati chini ya kitanda cha kukhu. Familia nyingi zilihamia huku miaka ya 60, mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Zingine zilitunza magazeti. Sasa yanafungia watu mandazi.

Huko Marekani hii kitu ni doo. Action Comics namba 1, toleo la 1938 lililomleta Superman, liliuzwa senti 10 tu. 2024, kopi moja ilienda dola milioni 6! Kwa nini? Watoto walizirarua, wazazi wakazitupa, na wakati wa vita karatasi nyingi zikakusanywa. Zilizobaki ni za kuhesabu.

Hapa kwetu usitegemee mamilioni. Lakini zinaisha vilevile.

Saka hizi

- Juha Kalulu: Katuni ya Kiswahili ya Edward Gitau. Ilianza miaka ya 50, na wazee wengi wanaijua kupitia Taifa Leo. Ilitoka kwa gazeti, so ukipata, weka ukurasa mzima wenye tarehe. Usikate.
- African Film: Ya kina Lance Spearman, yule jasusi wa kofia. Si ya kuchorwa, ni picha za kamera zimewekwa maneno. Ilitamba mwisho wa miaka ya 60 na mwanzo wa 70. Taja "Spear" kwa mzee yeyote uone vile atacheka.
- Joe: Jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilianza 1973. Lilichekesha watu wa mtaa kuhusu kazi, pombe na rent.
- Pichadithi: Hirst tena, miaka ya 80. Hadithi zetu za kale kwa michoro, kama ile ya Lwanda Magere.
- Shujaaz: Usicheke. Ilianza 2010, kwa Sheng, bure ndani ya gazeti. Kitu ya bure ndiyo hutupwa kwanza. Kama uko na zile za mwanzo, ficha.

Ukipata, fanya hivi

Usibandike selotepu. Gundi yake hugeuka rangi na kula karatasi. Usilaminati pia, hairudi nyuma. Karatasi ya gazeti hugeuka njano ikipigwa na jua, so weka kwa katoni kavu, imelala flati, mbali na sakafu. Huku kwetu mvua ni nyingi na mchwa hawana huruma.

Piga kila ukurasa picha na simu. Andika kwa karatasi kando: imetoka kwa nani, wapi, mwaka gani.

Na usimhadae mzee. Kama ni yake, mwambie ukweli kwamba inaweza kuwa na thamani, halafu mpatane. Akikataa kuuza, omba kupiga picha tu.

Jambo la mwisho: keti naye. Muulize alinunua wapi, nani alimsomea, walicheka nini. Komiki ingine unaweza kuipata kesho kwa muuza vitabu wa mtumba. Huyo mzee akienda, hiyo stori haina kopi ya pili.

So wikendi hii ukienda ocha, kabla uguse kiberiti, soma kwanza kile unachotaka kuchoma.