Asili ya Jina la Wanubi

Kando ya mto Nabuyonga, mjini Mbale, Waislamu hujulikana kwa makabila yao: huyu Mgisu, huyu Mganda, yule Mgwere. Lakini lipo jina moja ambalo hapo mwanzo halikuwa la kabila, nalo ni Mnubi. Wengi hudhani kwamba Wanubi wa Uganda asili yao ni Nubia. Sivyo.

Nuba, kwa Kiarabu, ni nchi ya mto Nile iliyo kusini ya Aswan. Wazee wa Wanubi walikuwa askari wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta, chini ya Emin Pasha, na wengi wao walizaliwa Wabari, Wamakaraka, Wadinka na watu wa makabila mengine ya Sudani ya kusini. Uislamu wengi waliupata kambini. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, pamoja na mkuu wao Selim Bey, akawaleta Uganda na wake zao na watoto. Waingereza wakawaandika "Wasudani", neno litokanalo na Kiarabu, bilad as-sudan, yaani nchi ya watu weusi. Jina pana mno, lisilomtambulisha mtu.

Mwaka 1897 jina hilo liliingia doa. Baadhi ya askari, wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliocheleweshwa, waliasi wakaishika ngome ya Luba katika Busoga, mashariki ya Jinja. Meja Thruston na Waingereza wawili wakauawa humo. Wenzao wengi hawakuasi, wala si haki kuwahesabu wote pamoja.

Basi ni nini kilichowafanya Wanubi, ikiwa si nchi ya Nuba? Ni dini, na lugha ya Kinubi iliyozaliwa na Kiarabu cha kambini. Mwanamke wa Kiganda au wa Kisoga aliyeolewa nao alizaa Wanubi. Mfano wake uko mbali, kwa Wamalayu: katiba ya Malaya ya mwaka 1957 ilimwita Mmalayu yule aliye Mwislamu, asemaye Kimalayu na kufuata mila zake.

Hata hivyo Wanubi waliendelea kuitwa wageni, hata wale ambao babu zao walizaliwa Bombo au Jinja. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ndiyo iliyowaandika miongoni mwa makabila ya nchi, miaka 104 baada ya Kavalli: mjukuu wa Mbari na mjukuu wa Mdinka, kwa jina moja.