Farasi kijana kwenye safari ya kundi: mambo ya kujua mbele ya kutoka

Mu komini ya Kamalondo watu wamezoea makelele: motoka, pikipiki, miziki ya ma-nganda, na siku yenye TP Mazembe inacheza, uwanja muzima unalia. Farasi hajazoea hivyo. Mu Lubumbashi farasi si wengi. Wanafugwa zaidi ku club, ni kusema Cercle hippique, na ku mashamba ya pembeni ya muji. Kwa hiyo wakati kundi la farasi linapita ku barabara, watu wengi hawajue namna ya kufanya. Na kama katikati ya kundi kuko farasi kijana mwenye anatoka mara ya kwanza, kosa kidogo linaweza kuvunja mutu mukono ao mugongo.

Maelezo haya ni ya mwenye farasi, ya kijana mwenye anafanya kazi ya kumuchunga, na pia ya mupita-njia.

Juu ya nini farasi ni wachache huku

Sababu kubwa ni magonjwa. Ya kwanza ni nagana, yenye inaletwa na inzi wa tsetse. Ya pili ni tauni ya farasi ya Afrika. Virusi yake inabebwa na vidudu vidogo sana vyenye kuuma, vidogo kupita imbu, na vinatembea zaidi kuanzia jua kuzama mupaka asubuhi. Kati ya farasi wenye hawana chanjo, ugonjwa huo unaweza kuua 9 kwa 10. Punda milia, wenye wangali wanapatikana mu mbuga ya Upemba, wanaweza kubeba virusi hiyo bila kuonekana wagonjwa. Ugonjwa huo hauambukize mutu.

Kwa hiyo mipango ya safari inaanza na munganga wa nyama: chanjo iko, lakini inafaa itolewe mbele ya mvula, si katikati. Huku Lubumbashi mvula inaanza karibu na mwisho wa mwezi wa 10 na inaenda mupaka mwezi wa 4. Wakati wa mvula, farasi arudishwe ndani ya nyumba yake mbele ya jua kuzama.

Umri na uzito

Farasi anaonekana mukubwa mbele mifupa yake haijakomaa. Wengi wanaanza kumuzoeza kubeba mutu akiwa na miaka 3, na kazi ya kweli ku 4. Lakini mifupa ya mugongo inamaliza kukomaa karibu na miaka 5 ao 6. Safari ya kwanza isipite saa moja, na iwe ya kutembea tu, bila kukimbia.

Ku uzito, watu wengi wanafuata kipimo hiki: mupandaji pamoja na kiti chake wasipite sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400 asibebe zaidi ya kilo 80. Kwa kijana, muzuri kubaki karibu na kilo 60.

Kundi la kumufundisha

Farasi ni nyama ya kundi. Ku pori, mwenye alibaki yeye peke yake ndiye aliliwa na simba. Woga huo haujatoka mu damu. Mwenzake akishituka, na yeye anashituka. Mwenzake akitulia, na yeye anatulia. Ndiyo maana farasi muzee mwenye utulivu anafundisha kijana vizuri kupita fimbo.

Kundi la kwanza liwe dogo: farasi 3 ao 4. Muzee atangulie, kijana afuate nyuma yake, na mwingine mutulivu afunge njia. Kijana asiwekwe mbele, juu hajue njia. Asiwekwe nyuma kabisa, juu ataona wenzake wanamuacha na ataanza kuvuta na kurukaruka.

Kati ya farasi na farasi, nafasi isipunguke urefu wa farasi mumoja, karibu metre 2 na nusu. Farasi anaona karibu pande zote, lakini haone vizuri mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mukia wake. Mwenye anafika karibu sana na mukia anatafuta teke. Ku Ulaya na Marekani kuko desturi moja nzuri: farasi mwenye kupiga mateke anafungwa utepe mwekundu ku mukia, na kijana mwenye angali anajifunza anafungwa utepe wa kijani kibichi. Hata kitambaa cha kanga kinaweza kufanya kazi hiyo, mradi kila mutu wa kundi ajue maana yake.

Njiani

Kundi linatembea kwa mwendo wa mwenye uwezo mudogo. Hakuna mutu wa kukimbiza farasi wake bila kusema, na hakuna mwenye kuondoka wakati mwenzake hajakaa vizuri ku kiti. Ajali nyingi zinaanza hapo: mumoja anashuka kukaza mukanda, wengine wanaendelea, na farasi wake anawafuata kwa nguvu.

Pembeni ya Lubumbashi kuko mambo ya kuangalia. Vichuguu vikubwa vya pori la miombo vinaficha mutu ao mbuzi mwenye anatokea gafula, na chini kunaweza kuwa matundu yenye kuvunja muguu. Wakati wa kiangazi watu wanachoma pori; moshi ukitoka upande wa njia, muzuri kurudi. Wabeba makala nao wanakuja na kinga zenye magunia ya juu sana. Kwa farasi kijana, ile si kinga, ni nyama ya ajabu. Kundi lisimame, kijana ageuzwe uso aone vizuri, na mubeba makala apite pole pole. Barabara ya gudron ya kwenda Likasi ao Kasumbalesa, yenye malori ya madini, si shule ya farasi kijana hata kidogo.

Ku mayi, muzee aingie kwanza. Kijana apewe wakati wa kunusa. Wenzake wenye wamevuka wamungojee ku ngambo, wasiende. Akiona wanatoweka, ataruka.

Masikio yanasema mbele ya miguu. Yakielekea mbele, anaangalia kitu. Yakilala nyuma kabisa, amekasirika. Pua ikifunguka, shingo ikisimama na mwili ukikazana kama mbao, woga umefika.

Akishituka

Mupandaji asipige kelele na asivute kamba mbili kwa nguvu. Avute upande mumoja, amuzungushe kwa duara ndogo mupaka atulie. Kama duara inashindikana na nafasi iko, ashuke mbele mambo hayajaharibika. Kushuka si haya. Wengine wote wasimame palepale. Farasi akimwangusha mutu na kukimbia, hakuna wa kumufuata mbio: akisikia miguu nyuma yake ataongeza mwendo. Mara nyingi atarudi kwa wenzake wakibaki kimya. Kofia ngumu ya kichwa na viatu vyenye kisigino ni lazima. Kisigino kinazuia muguu kupita na kunasa mu chuma cha kiti, na mutu kuburutwa.

Kurudi

Kilometre ya mwisho ni ya kutembea tu. Farasi mwenye amejua kwamba kurudi nyumbani ni mbio, siku ingine hatasimama. Akifika, kiti kitolewe, mugongo uangaliwe kama hauna kidonda, miguu imwagiwe mayi. Akiwa amepumzika, moyo wa farasi mukubwa unapiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Wa kijana unaweza kupita kidogo. Kama kisha nusu saa ungali juu ya 60, safari ilipita nguvu yake. Apewe mayi na majani kwanza, nafaka baadaye, akiisha kupoa. Farasi hawezi kutapika, na tumbo lenye kuuma linaweza kumuua. Akijigaragaza, akiangalia tumbo lake ao akikataa kula, munganga aitwe siku ileile.

Kwa mupita-njia

Dereva apunguze mwendo, asipige honi, na apite mbali. Wa pikipiki azime moteur kama njia ni nyembamba. Watoto wasikimbie nyuma ya farasi na wasitupe mawe. Mwenye anataka kumushika aulize kwanza, kisha akaribie kutoka upande wa bega, akisema, juu farasi amusikie mbele ya kumuona.