Daraja la Rusumo na ahadi ya Addis Ababa

Aprili 28, 1994, Wanyarwanda walianza kumiminika juu ya daraja la Rusumo, pale Mto Kagera unapoitenga Rwanda na Tanzania. Katika muda wa saa 24 hivi walivuka takriban 250,000, mizigo vichwani na watoto migongoni. Benaco, wilayani Ngara upande wa Tanzania, ikageuka mji wa maturubai.

Waliachwa wavuke, na haikuwa huruma peke yake. Mkataba wa Geneva wa 1951 uliandikwa hasa kwa ajili ya waliong'olewa makwao na matukio ya Ulaya, na mkimbizi wake ni mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya asili, dini, utaifa, kundi lake au siasa. Wakuu wa nchi za Afrika, walipokutana Addis Ababa Septemba 10, 1969, waliandika mkataba wao na kuupanua mlango: anayekimbia uvamizi au vurugu zilizoivunja amani ya nchi yake, naye ni mkimbizi. Kumpokea si uadui kwa nchi alikotoka. Tena asikataliwe mpakani. Kwangu mimi, neno hilo "mpakani" ndilo moyo wa mkataba wote wa Addis Ababa.

Tanzania ilikuwa imezoea kupokea. Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa wanaowasaidia wakimbizi.

Lakini mkataba wa Addis Ababa una kifungu kingine: nchi ikilemewa, nchi nyingine ziipunguzie mzigo. Nani atoe nini, na lini, hakisemi. Ngara ikabaki na vilima vilivyokatwa kuni, na kambini waliotekeleza mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambao mkataba wenyewe unawanyima hifadhi, walijichanganya na watu wasio na hatia. Machi 1995 Tanzania ikafunga mpaka wake na Burundi, huku maelfu ya Wanyarwanda wakiwa njiani kuja kutoka huko. Desemba 1996 serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwezi kwisha. Wengi walikimbilia ndani zaidi ya nchi. Jeshi likawageuza, wakavuka tena daraja lilelile. Kifungu cha tano cha mkataba kinasema mkimbizi harudishwi bila hiari yake. Shinikizo lilikuwa kubwa, nalikubali, ila ile haikuwa hiari.

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 ilichukua nafasi ya ile ya 1965, ikaendelea kumtaka mkimbizi aishi eneo alilopangiwa. Mwaka 2014 serikali ilitoa uraia kwa Warundi wa 1972 na vizazi vyao, zaidi ya 162,000. Wengi wao walizaliwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazazi tu.