KOPO LA TUMBAKU: HISTORIA FUPI YA KIKO KIMOJA CHA MAJENGO



Sisi tuliosoma katika shule yetu miaka ya 1990 tumbaku tuliijua kwa njia moja tu: sigara moja iliyogawanywa kwa vijana watano nyuma ya jiko, pamoja na adhabu iliyofuata mwalimu wa zamu alipotokea bila kutarajiwa. Mhariri aliponiomba makala ya historia, nilidhani angependa niandike juu ya watawala wa Nkansi na Lyangalile, au juu ya wahunzi wa Ufipa na matanuri yao marefu ya kuyeyushia chuma. Hayo yameandikwa na wataalamu. Mimi nimechagua historia iliyokaa ndani ya kopo, kwa sababu kopo hilo ninalo nyumbani, na mwenyewe hayupo tena.

Mwenyewe alikuwa mzee jirani yetu hapa Majengo. Hakuwa babu yangu wa damu, lakini sote watoto wa mtaa tulimwita Babu, naye alituita wajukuu. Wote mnajua baridi ya Ufipa ya mwezi Juni na Julai, kwa kuwa uwanda wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Asubuhi za namna hiyo Babu alitoa kigoda chake, akaegemea ukuta wa matofali uliopata jua, akajaza kiko. Wazee wengine walikuwa na ugoro wao, au walivuta tumbaku ya kienyeji iliyopandwa nyuma ya nyumba penye mbolea ya jalala. Ya Babu ilikuwa na harufu nyingine kabisa. Mtu akipita barabarani alipunguza mwendo.

Kabla ya kueleza harufu hiyo, hapana budi tueleze jani lenyewe lilikotoka.

Tumbaku asili yake ni Amerika. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, Wahispania na Wareno waliisambaza duniani, ikafika Afrika, ikaingia bara kwa njia za biashara. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, kama Richard Burton aliyepita njia ya Tabora na Ujiji kati ya 1857 na 1859, waliikuta imekwisha kuwa zao la wenyeji, wazee wakiivuta na kuinusa kana kwamba ilikuwapo tangu enzi za mababu.

Ile iitwayo Virginia ni habari ya baadaye. Jina limetokana na koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, ambako John Rolfe alianza kupanda tumbaku ya biashara mwaka 1612. Mwaka 1619 Waafrika waliotekwa Angola wakateremshwa katika koloni hilo, na kwa zaidi ya karne mbili zilizofuata mashamba ya tumbaku yalilimwa kwa jasho la watumwa. Yafaa ikumbukwe zaidi jina la kijana mmoja, Stephen, mtumwa katika shamba la Abisha Slade huko North Carolina. Masimulizi yanayokubalika yanasema kwamba mwaka 1839 aliachiwa kulinda moto wa kukaushia tumbaku, usingizi ukampitia, akashtuka moto unakaribia kuzimika. Akakimbilia makaa ya mhunzi, akayatupia motoni. Joto kali lisilo na moshi likayageuza majani yote kuwa ya njano inayong'aa. Tumbaku hiyo ilipata bei kubwa kupita kawaida. Sifa na fedha zilikwenda kwa Slade. Stephen aliendelea kuwa mtumwa.

Kutokana na moto huo, na baadaye mabomba ya kupitishia joto, ndipo ukapatikana ukaushaji ambao wakulima wetu wanauita wa mvuke. Katika Tanganyika tumbaku ya biashara ilichukua njia mbili. Huko Songea wakulima wa Kiafrika walilima tumbaku ya moshi, ambayo hukaushwa juu ya moto wa kuni ili moshi upite kwenye jani lenyewe, na mwaka 1936 ukaanzishwa ushirika wao wa Wangoni na Wamatengo. Tumbaku ya mvuke, yaani Virginia, ilishika mizizi Iringa kwa walowezi, wengi wao Wagiriki, na baadaye Urambo.

Urambo tunaikumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 na kuacha jina lake juu ya ardhi hiyo. La pili ni mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 Kongwa, kisha ukaenea Urambo na Nachingwea. Matrekta yalivunjika, mvua zilikataa, na Januari 1951 serikali hiyo ikakubali kufuta deni la paundi milioni 36 na zaidi. Mashamba yaliyofyekwa hayakuweza kuachwa hivi hivi, na huko Urambo ikajaribiwa tumbaku ya mvuke, nayo ikakubali.

Hapo ndipo anapoingia Babu. Mwaka 1953, akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijakamilika, aliondoka Ufipa kwa miguu na wenzake kutafuta kazi. Wafipa wengi wa wakati huo walikwenda mashamba ya mkonge au migodi ya shaba ya ng'ambo ya mpaka. Yeye alifuata njia ya Mpanda, ambako palikuwa na reli mpya iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, akapanda gari moshi mpaka Kaliua, na kutoka hapo akafika Urambo. Akaandikwa kazi katika shamba la mlowezi mmoja, kwanza kukata kuni, kisha kulinda moto wa bani.

Bani, kwa wale wasioliona, ni nyumba ndefu kwenda juu, isiyo na madirisha. Majani hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Tanuri la kuni liko nje, na joto hupita ndani kwa mabomba ya bati, hivyo moshi hauligusi jani. Kazi hiyo huchukua siku tano hadi saba, mchana na usiku. Mwanzoni joto ni dogo, nyuzi 35 hadi 40, ili jani ligeuke njano polepole na wanga uliomo ugeuke sukari. Kisha joto hupandishwa hatua kwa hatua hadi kufikia nyuzi 70 hivi, ili hata mshipa mnene wa katikati ukauke. Ukiharakisha, jani linabaki na ukijani. Ukichelewa, linakuwa la kahawia kabla ya wakati wake, nalo limeharibika. Babu alisema alijifunza kujua hatua ya bani kwa pua kabla hajaweza kusoma kipimajoto. Harufu ya nyasi mbichi maana yake ongeza subira. Harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa maana yake ongeza kuni.

Baada ya miaka mitatu akahamishiwa banda la kuchambua madaraja. Huko kila jani hutazamwa limetoka sehemu gani ya mmea, rangi yake ni ya limau au ya chungwa, na lina ubora gani. Kazi hiyo waliifanya Waafrika, lakini neno la mwisho lilikuwa la bwana mwenye shamba na la mnunuzi. Kuvuta jani la daraja la juu ilikuwa marufuku kwa kibarua, na aliyekutwa nalo mfukoni alifukuzwa kazi siku ileile. "Mjukuu wangu," aliniambia, "tulilijua jani kuliko waliolivuta, ila hatukuruhusiwa kusema tunalijua."

Siri ya kopo aliipata huko huko. Mtunza ghala mmoja alimwonyesha kwamba Virginia ikitoka tu kwenye bani huwa bado kali: ina harufu ya majani makavu na limau, moshi wake unachoma ulimi. Ndiyo sababu viwanda huiweka ghalani mwaka mmoja, miwili, hata mitatu kabla ya kuitumia. Wavutaji wa kiko huko Ulaya na Marekani huenda mbali zaidi: huiacha ndani ya makopo yasiyopitisha hewa kwa miaka 10 au 20. Katika muda huo sukari na viini vingine vya jani huungana taratibu, kama ganda la mkate linavyopata rangi na harufu yake tanurini, isipokuwa kwamba hapa kinachofanya kazi ni muda na wala si moto. Ukali hupungua. Rangi hutoka njano ikaenda kwenye wekundu, kisha kahawia ya kiza.

Babu alirudi Majengo, akajenga, akaoa. Rafiki yake aliyebaki Urambo, ambaye baada ya uhuru alipata shamba lake mwenyewe, alimtumia majani kwa gari moshi hadi Mpanda. Mwaka 1974, mwaka uleule Mkoa wetu wa Rukwa ulipoundwa, Babu aliyagandamiza majani hayo katika makopo mawili ya maziwa ya unga, akaziba mifuniko kwa nta ya nyuki, akakwangua mwaka kwa msumari.

Kopo la kwanza alilifungua mwaka 1996, nikiwa likizo. Aliniita nishuhudie. Alikata nta kwa kisu, akaninyoshea kopo kabla hajalinusa yeye. Nilitarajia harufu ya sigara. Nilipata zabibu kavu, mkate, asali ya porini iliyokaa sana, na kwa mbali uchachu kama wa pombe ya ulezi inayoanza kuiva. Akamega kipande, akakisugua katikati ya viganja mpaka kikachambuka, akakiacha juu ya karatasi kipate hewa. Alijaza kiko kwa tabaka tatu, la chini kwa wepesi wa mkono wa mtoto na la juu kwa mkono wa mtu mzima. Akawasha, akashindilia jivu, akawasha mara ya pili. Kisha akavuta kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa uji wa moto, bila kupeleka moshi mapafuni. Kila baada ya muda aligusisha kichwa cha kiko shavuni. Kikimchoma, alipumzika. Alisema tumbaku ya zamani huonjwa ulimini na puani, na mwenye haraka huonja moto tu.

Nikamuuliza, kwa ujeuri wa mwanafunzi, ujuzi huo una faida gani. Akanijibu kwamba anayejua kuonja ndiye anayekata bei.

Jibu hilo sikulielewa mpaka nilipofika Chuo Kikuu nikasoma historia, na zaidi nilipoingia utumishi wa serikali. Mkulima wa Urambo, Kaliua, Chunya au Mpanda hununua mbolea kwa mkopo, hufyeka miombo kwa ajili ya kuni, hukesha kwenye bani, kisha hupeleka mzigo sokoni asikie daraja lake kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Jani huenda Morogoro kusindikwa, halafu huvuka bahari. Kule ndiko linakokaa, linakokolea na kupanda thamani, na huko ndiko waliko watu wanaolipwa kwa kulinusa. Serikali zimebadilika, mamlaka na bodi zimebadilika, vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini pengo hilo kati ya mwenye jembe na mwenye pua halijazibwa. Stephen aliligeuza jani kuwa dhahabu, na bei ikakatwa na mwingine. Babu naye vivyo hivyo. Na si tumbaku peke yake, ndugu zangu. Kahawa na chai zinakwenda njia hiyohiyo.

Sasa niseme lile ambalo ningependa kulificha. Babu alifariki mwaka 1999 kwa saratani ya koo. Wapo wanaodai kwamba kiko hakidhuru kwa sababu moshi hauendi mapafuni. Si kweli. Moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo na ya koo, na nchi yetu haikutunga bure sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003. Miezi yake ya mwisho hakuweza kumeza uji. Sauti ilikwisha, akawa anaongea kwa mikono. Siku moja alinionyesha kopo la pili lililokuwa juu ya kabati, akanielekezea kifua changu, kisha akapitisha kidole kwenye koo lake na kutikisa kichwa. Nilielewa: lichukue, usivute.

Mimi sivuti. Watoto wangu nimewakataza. Hata hivyo siwezi kusema uongo kwamba harufu ile ilikuwa mbaya, wala kwamba ujuzi wa Babu ulikuwa upuuzi kwa sababu tu jani lilimuua. Alikuwa mtaalamu ambaye hakuna aliyempa cheti. Wangapi wa namna yake wako mitaani kwetu, wajuzi wa chuma, wa mbegu, wa kusuka, na sisi wasomi tunapita tukiwaamkia tu?

Kopo la pili lina miaka zaidi ya 50 sasa, na nta yake bado ni nzima. Nitakuja nalo siku ya mkutano wetu. Tutalifungua pamoja, tulinuse kwa zamu, na kila mmoja aseme pua yake imepata nini. Viberiti tuviache nyumbani.

Mhitimu mwenzenu,
Majengo, Sumbawanga